Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango. Walikuwa na maana kwamba uso wa kitu si kitu chenyewe, na kwamba mtu asiyeingia ndani hana haki ya kusifu wala kulaumu. Mara nyingi methali hii hutumiwa juu ya watu kuliko juu ya majengo. Lakini leo, ewe msomaji, nataka tuitumie kwa maana yake ya dhahiri. Tutaingia katika nyumba moja, tutapita vyumba vyake na bustani yake, kisha tutatoa hukumu. Nyumba yenyewe ni ya kale. Ilijengwa katika mji wa Pompeii, kusini mwa Italia, ikazikwa pamoja na mji huo chini ya majivu na mawe ya mlima Vesuvius katika mwaka 79 baada ya Kristo.

Kuhukumu kazi ya sanaa si kuwinda makosa kama askari awindavyo mwizi, wala si kupiga makofi kila tuonapo rangi nzuri. Ni kuuliza maswali matatu kwa utaratibu. La kwanza: kazi hii ilikusudiwa kufanya nini? La pili: je, imefanya vizuri lile lililokusudiwa? La tatu: je, kusudi lenyewe lilistahili? Wanafunzi wengi huishia katika swali la pili, wakaweka kalamu chini. Swali la tatu ni zito zaidi, na nyumba hii inafaa kutufundisha namna ya kulijibu bila upendeleo na bila hasira.

Huitwa Nyumba ya Vettii, kwa sababu mihuri ya shaba iliyookotwa ndani yake ina majina ya watu wawili: Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus. Wataalamu wengi wanaamini kuwa watu hawa walikuwa watumwa walioachwa huru. Kwa desturi ya Roma, mtumwa aliyepewa uhuru alichukua jina la bwana wake, na hiyo ni sababu moja ya kuwaona watu wawili wa nyumba moja wakiitwa Aulus Vettius wote. Conviva alifikia cheo cha Augustalis, yaani ukuhani wa kuwaheshimu makaisari, ambao matajiri wa namna yake waliweza kuushika ingawa vyeo vya kuutawala mji walinyimwa. Weka jambo hili akilini, maana tutalihitaji mbele.

Nyumba ilifukuliwa katika miaka ya 1894 na 1895. Zamani desturi ya wachimbaji ilikuwa kubandua michoro iliyo bora na kuipeleka katika makumbusho, wakaacha kuta zikiwa uchi. Hapa walifanya kwa busara zaidi: waliacha michoro na mapambo mengi mahali pake, wakaezeka mapaa upya, wakapanda bustani tena. Baada ya kufungwa kwa miaka mingi kwa ajili ya matengenezo, ilifunguliwa tena kwa wageni mwezi wa Januari 2023. Kwa hiyo nyumba tunayoihukumu si ndoto ya vitabuni. Ipo, na mtu aweza kusimama mlangoni pake leo.

Basi na tusimame mlangoni. Kwa upande wa njia hatuoni fahari kubwa. Nyumba ya Kirumi ya namna hii iligeuzia njia mgongo na kuelekeza uso wake ndani. Tunapita ukumbi mwembamba wenye kivuli, na ghafula tunatokea katika behewa pana ambalo Warumi waliliita atriamu. Katikati ya paa lake pana tundu kubwa la mraba. Kupitia tundu hilo nuru huingia, na mvua huteremka katika birika la chini lililowekwa sawasawa chini yake. Tundu moja linafanya kazi tatu: linaleta mwanga, linaleta hewa, linaleta maji. Huu ndio ufundi wa kweli, kufanya mengi kwa kidogo.

Sasa tazama mbele. Katika nyumba nyingi za matajiri wa Roma, kati ya behewa na bustani palikuwa na chumba cha bwana, ambamo alikaa asubuhi kupokea watu waliokuja kumwamkia na kumwomba msaada. Katika nyumba ya Vettii chumba hicho hakimo. Behewa linafunguka moja kwa moja kwenye bustani, na jicho la mgeni, tangu mlangoni, linavutwa kupita gizani, likapita kwenye nuru ya tundu la paa, likapita tena kwenye kivuli cha ukumbi wa nguzo, hata likatua penye majani mabichi na jua. Giza, nuru, kivuli, jua: mjenzi amepanga mambo haya kama mshairi apangavyo vina. Pengine chumba kile kiliachwa kwa sababu wenye nyumba hawakuwa na umati wa wateja wa kuwapokea kama walivyokuwa nao mabwana wa ukoo mkubwa. Iwapo ndivyo, upungufu wa hadhi umezaa uzuri wa jengo, na hilo si jambo dogo kulifikiri.

Lugha yetu ina neno moja, ua, lenye maana mbili: kiwanja kilichozungukwa na kuta za nyumba, na chanuo la mmea. Sijui nyumba inayostahili neno hilo kwa maana zake zote kuliko hii. Ua wake umezungukwa pande zote nne na nguzo nyeupe, zenye vichwa vilivyochongwa na kutiwa rangi, na nyuma ya nguzo pana baraza lenye paa. Vitruvius, msanifu wa majengo aliyeandika vitabu kumi juu ya ujenzi wakati wa Kaisari Augustus, alifundisha kwamba katika ua wa namna hii urefu wa nguzo ulingane na upana wa baraza. Shauri hili linaonyesha kuwa Warumi hawakupanga nguzo kwa kubahatisha. Walijua kwamba baraza jembamba mno huwa ujia tu, na baraza pana mno huwa pango. Kipimo cha kati ndicho kinachompa mtu kivuli bila kumnyima mwanga.

Hata sasa sijataja lawama. Nimefanya hivyo makusudi, kwani katika ramani ya nyumba hii, yaani katika mpango wa vyumba, nuru na hewa, sioni la kulaumu. Uamuzi wa kuweka nafasi tupu katikati, na kuvifanya vyumba vizuri vyote viitazame nafasi hiyo, ni uamuzi wa watu waliojua kuishi katika nchi ya jua kali. Anayeona kuwa nafasi tupu ni hasara na aende akaulize wakazi wa vyumba visivyo na dirisha.

Lawama zinaanza tunapotazama kilichowekwa ndani ya nafasi hiyo. Mabomba ya madini ya risasi yalipitishwa katika bustani, na takriban sanamu 12 za marumaru na shaba zilitupa maji katika mabirika ya marumaru. Kuna watoto wa shaba walioshika ndege, kuna Bacchus, mungu wa mvinyo. Kuna meza za marumaru na vichwa vilivyochongwa. Kila kimoja, ukikitazama peke yake, chapendeza. Lakini vyote pamoja katika ua wa nyumba ya mjini ni sawa na mtu aliyevaa kanzu zake zote siku ya harusi. Mtaalamu wa Ujerumani, Paul Zanker, ameeleza kuwa wenye nyumba wengi wa Pompeii waliiga majumba ya mashambani ya wakuu wa Roma, wakayabana mapambo ya shamba zima ndani ya kiwanja kidogo. Nyumba ya Vettii ni mfano mzuri wa tabia hiyo. Bustani inayotaka kusema mambo mengi kwa pamoja hufanana na insha ambayo kila sentensi yake ina methali tatu. Msomaji huchoka kabla ya kuelewa.

Na maji yale, tafakari yalikotoka. Yaliletwa mjini kwa mfereji mkubwa uliojengwa zama za Augustus, yakagawanywa kwa mabomba. Watu wengi wa mji huo waliteka maji katika visima vya umma vya mabarazani na njia panda. Maji ambayo mwanamke mmoja alibeba kichwani kwa shida, hapa yalirushwa hewani ili yapendeze macho. Wala usidhani kuwa bustani zote za Pompeii zilikuwa za kutazamwa tu. Mtaalamu wa Marekani, Wilhelmina Jashemski, alianza kuzichunguza tangu mwaka 1961. Mizizi ya kale ilikuwa imeoza na kuacha matundu ardhini. Yeye na wenzake walimimina saruji katika matundu hayo, wakapata umbo la kila mzizi, na kwa umbo hilo wakatambua mmea. Karibu na uwanja wa michezo wa mji walipata matundu zaidi ya 2,000 ya mizizi ya mizabibu. Kumbe ndani ya kuta za mji ule ule zilikuwako bustani zilizolisha watu na bustani zilizolisha macho. Zote mbili ni halali. Lakini mhakiki lazima ajue iliyo mbele yake ni ipi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba ya Vettii ina uzuri wa kujiuza, na juu ya hayo ikajitembeza. Kando ya behewa, mahali ambapo kila aingiaye angeyaona, yaliwekwa makasha mawili makubwa ya fedha. Katika ukuta wa mlangoni amechorwa Priapus, mungu wa bustani na rutuba, ambaye mbele yake pana mizani yenye mfuko wa fedha, na chini kikapu cha matunda. Mchoro huo una mzaha usio na haya, lakini kwa Warumi ulikuwa pia kinga: waliamini kuwa picha za namna hiyo huondoa kijicho cha hasidi. Yaani wenye nyumba walijua kwamba utajiri wao utaonewa wivu, wakaukinga. Wala hawakufikiri kuuficha. Vitruvius alikuwa ameandika kuwa watu wa hali ya kawaida hawahitaji kumbi za fahari, kwa kuwa wao ndio waendao kuamkia wengine. Nyumba hii ni jibu la watu waliokataa kuambiwa wao ni wa kawaida. Siwezi kuwalaumu kabisa. Aliyenyimwa heshima tangu kuzaliwa huisema kwa sauti kubwa siku aipatapo.

Tuingie sasa chumba kikubwa kinachotazama bustani, maana humo ndimo mna michoro iliyo mashuhuri kuliko yote. Juu ya ukuta mweusi na mwekundu umepita ukanda mwembamba wa picha ndogo ndogo. Vitoto vyenye mabawa, wale Warumi waliowaita Cupido, vinafanya kazi: vinakamua mafuta na kutengeneza manukato, vinafua dhahabu, vinafua nguo, vinatayarisha mvinyo, vinashindana kwa magari yanayovutwa na paa. Mkono uliochora ulikuwa mwepesi na wenye furaha. Kila kitoto kina mwendo wake, na hakuna viwili vilivyorudiwa kwa uvivu. Kwa swali la pili, lile la ustadi, napa kazi hii alama za juu.

Lakini swali la tatu linangoja. Kazi hizi zilikuwa kazi za kweli za Pompeii. Kufua nguo za watu, kwa mfano, kulikuwa kazi chafu: wafuaji walisimama ndani ya mabeseni wakizikanyaga nguo katika maji yaliyochanganywa na mkojo. Mchoraji ametwaa kazi hiyo akaipa mabawa. Hakuna jasho, hakuna mgongo unaouma, hakuna msimamizi. Wako watakaosema kuwa mchoro huu ni wa kijasiri, kwa kuwa wakuu wa Roma walidharau biashara na kazi za mikono, na Vettii waliziweka katika ukuta ulio bora wa nyumba yao. Hoja hii ina nguvu, nami naikubali nusu. Nusu ya pili siikubali, kwa sababu kazi iliyosifiwa ni ile isiyomchosha mtu. Kumsifu mfanyakazi kwa kumgeuza mchezo ni njia mojawapo ya kutomwona.

Hebu turudi behewani, tupinde mkono wa kulia. Pana behewa jingine, dogo, ambalo mgeni wa karamu hakuonyeshwa. Humo mna kijumba cha miungu wa nyumbani kilichopambwa ukutani, na kando yake jiko. Wachimbaji walikuta vyungu vya shaba vingali juu ya meko. Hapa hapana nguzo nyeupe wala maji yanayorushwa. Hapa ndipo walipofanya kazi watumwa wa watu ambao, kama wataalamu wengi wanavyoamini, waliwahi kuwa watumwa wenyewe. Jiko limetengwa na bustani kwa ustadi ule ule uliopanga nuru na kivuli. Mpango wa nyumba uliotupendeza ndio huo huo unaoficha. Mjenzi hakukosea. Alifanya alichoagizwa, nacho kilikuwa kuleta karamu bila kuwaonyesha wapishi wake.

Nasikia mwanafunzi mmoja akipinga: “Mwalimu, kila zama zina desturi zake. Si haki kuwahukumu watu wa kale kwa kipimo cha leo.” Pingamizi hili ni la heshima, na jibu lake ni hili: kipimo hiki si cha leo. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyekufa mwaka 65, miaka 14 kabla ya mlima kulipuka, aliandika barua nzima kumweleza rafiki yake kuwa watumwa ni watu, ni wenzetu tunaokaa nao chini ya dari moja. Ni kweli kwamba Seneca mwenyewe alikuwa tajiri na hakuuvunja utumwa. Hata hivyo neno lilikwisha kusemwa, tena kwa Kilatini. Tukiuliza wapi walikuwa watu wa jikoni, tunauliza swali ambalo Mrumi wa wakati ule aliweza kulielewa vizuri.

Wala tusilielekeze swali hili kwa Warumi peke yao. Nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa karne ya 18, nazo zina ukuta wa kimya upande wa njia, zina daka, zina kiwanda cha ndani cha kuleta hewa na nuru, na ndani kabisa zina kuta za zidaka zilizonakshiwa kwa chokaa, ambazo ni fahari ya ufundi wetu wa pwani. Katika nyumba hizo pia, sehemu ya chini mara nyingi ilikuwa ya watumwa na ya kuwekea mali, na pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kwa sheria ila mwaka 1907. Anayemkosoa jirani kwa kibanzi na aitazame pia boriti ya nyumbani.

Je, basi tuseme kwamba bustani ya Vettii si nzuri, kwa kuwa ilitunzwa na watu wasio huru? Hapa ndipo vijana wengi wenye moyo mwema hupotea njia. Pliny Mdogo, Mrumi aliyeishi wakati wa mlipuko huo na kuuandika, alieleza katika barua moja bustani ya shamba lake huko Tuscany. Anasema vichaka vilikatwa kwa umbo la herufi, na herufi hizo pengine zilitaja jina la bwana, na pengine jina la fundi aliyevikata. Fikiri juu ya fundi huyo. Katika nchi ambayo watunza bustani wengi walikuwa watumwa, kwa makasi yake aliandika jina lake katika majani mabichi, kando ya jina la mwenye mali. Alijua kuwa kazi ile nzuri ilikuwa kazi yake.

Huko Pompeii hatukuachiwa jina la namna hiyo. Majina ya wenye nyumba yalidumu kwa sababu yalichongwa kwenye mihuri ya shaba; mtunza bustani hakuwa na muhuri. Tukisema kuwa nguzo zile si nzuri, na michoro ile si stadi, na kivuli kile hakikupimwa vema, tunawapokonya mara ya pili watu waliozisimamisha na kuipaka rangi. Uzuri wa nyumba ni hati yao pekee iliyobaki. Tunachopaswa kukataa ni ile hadithi ambayo nyumba yenyewe inataka kutusimulia, kwamba fahari yote hii ilitoka kwa Vettii wawili, na kwamba karamu ilijipika.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa mpango wa jengo, naipa nyumba hii sifa kamili. Kwa bustani, naisifu nafasi yake na nguzo zake, nailaumu kwa kulundika mapambo. Kwa michoro, nasifu mkono na nashitaki jicho. Kwa kusudi lake, naona kusudi mbili zilizofungwa pamoja: moja ya haki, nayo ni ya mtu aliyedharauliwa kutaka kuheshimiwa, nyingine isiyo ya haki, nayo ni ya mtu huyo huyo kusahau wenzake aliowaacha jikoni. Wewe, msomaji, waweza kupima tofauti nami. Mizani ni yako. Ila utakapoandika juu ya jumba lolote, la Roma, la Lamu au la mjini kwenu, usiishie behewani mahali wenyeji walipokupangia usimame. Omba ruhusa, upite bustanini, kisha ulitafute jiko, ndipo uishike kalamu.